Miche ya Bogenvilia Kutoka Kitalu cha Kando ya Barabara, Moshi

Mwezi Februari nilinunua miche minne ya bogenvilia katika kitalu kimoja hapa Moshi, kila mmoja kwa shilingi 5,000, nikikusudia kufunika ukuta wa tofali za saruji unaotazama magharibi. Muuzaji alinihakikishia kuwa yote ilikuwa ya zambarau na ya aina moja, jambo ambalo halikuwa kweli. Miwili ilikuwa na majani laini na miiba mifupi, dalili za aina ya bogenvilia iitwayo glabra, ilhali miwili mingine ilikuwa na majani yenye vinyweleo na miiba iliyopinda kama ndoano, dalili za aina nyingine iitwayo spectabilis, nayo ikachanua nyekundu. Ni vyema mnunuzi apapase jani kabla ya kulipa, kwani jani ndilo linaloonyesha aina; hata hayo tunayodhani ni maua ni majani yaliyogeuka rangi, yakizunguka maua halisi ambayo ni madogo na meupe.

Afya ya miche, hata hivyo, ilikuwa nzuri mno. Muuzaji alinionyesha namna ya kuchana kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, bila kubomoa udongo, kwa kuwa mizizi ya bogenvilia hukatika upesi. Ushauri wake wa kumwagilia kila siku ndio ulioniponza: hadi masika yanaisha nilikuwa na majani tele bila ua hata moja, na maua yalikuja Agosti, baada ya kupunguza maji na kuacha samadi. Ukuta sasa umefunikwa nusu, wa rangi mbili, na mke wangu anaupenda hivyo hivyo.