Mtu yumo kwenye faili, programu inasema "hakuna matokeo"

Naandika nikiwa bado na hasira. Programu hii ya mti wa ukoo nimeilipia mwaka mzima, na kazi niliyoilipia hasa, yaani kutafuta watu na kuchuja kumbukumbu, ndiyo inayoishinda. Mti inachora vizuri, sina ugomvi hapo. Ugomvi wangu uko kwenye ukurasa wa kutafuta: unaandika jina, unabonyeza, unajibiwa "hakuna matokeo", na mtu yumo humo humo, umemwingiza mwenyewe.

Chukua mfano mdogo. Juma ni mtoto wa Hamisi, Hamisi ni mtoto wa Saidi. Kwetu mtoto ni Juma Hamisi, baba ni Hamisi Saidi. Ubini wa kila mmoja ni jina la baba yake, kwa hiyo baba na mwana hawafanani jina la mwisho, na hapo hakuna kosa lolote. Programu inalichukua jina la mwisho, inalitia kwenye kisanduku cha jina la ukoo, kisha kichujio cha "familia" kinawakusanya wote wenye jina hilo. Juma anajikuta kundi moja na watoto wa akina Hamisi wote waliomo kwenye faili, hata wasio na undugu naye, huku baba yake mzazi ameachwa nje. Ukitafuta ukoo wa mzee Saidi kwa kuandika "Saidi", unapata watoto wake. Wajukuu hawaji.

Majina yenye "bin" na "binti" ndiyo balaa zaidi. Ukiandika "bin Hamisi" kwenye kisanduku cha jina la ukoo, mtu anapangwa kwenye herufi B, na ukichuja wanaoanza na H hutamwona. Neno hilo lina mahali pake: kisanduku cha kiambishi cha jina la ukoo, ambacho kwenye faili la GEDCOM (muundo wa faili wa kuhamisha mti wa ukoo kutoka programu moja hadi nyingine) hutoka kama mstari wa SPFX. Programu hii inacho, lakini imekificha ndani ya "maelezo zaidi" ya jina, na ukurasa wa kutafuta haukisomi kabisa.

Sasa tahajia. Kuna kitufe cha "matamshi yanayofanana", nami nilikitegemea sana. Ndani yake kuna Soundex, mbinu iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inashika herufi ya kwanza kama ilivyo, inatupa irabu pamoja na h, w na y, halafu konsonanti zinazofuata zinageuzwa kuwa tarakimu tatu. Ilitengenezwa kwa majina ya kule, na kwa majina yetu inapotea njia. Hamisi ni H520, Khamis ni K520: haviungani. Hadija na Khadija, hivyo hivyo. Athumani ni A355, Othman O355, Uthman U355, jina moja limekuwa watu watatu. Ramadhani wa Tanga ni R535, na akivuka ziwa kwenda Kongo akaandikwa Ramazani anakuwa R525. Lakini Juma na John? Wote J500. Kitufe hicho kinamletea Juma kila John aliyemo, na Khamis hakimwoni. Kizime.

Hilo ningelisamehe, kwa sababu Soundex iko kwenye programu nyingi. Nisilolisamehe ni visanduku vitupu. Chuja "amezaliwa kati ya 1900 na 1910", na kila asiye na tarehe ya kuzaliwa anaondolewa kimyakimya. Wazee wetu wangapi wana tarehe? Tunaambiwa alizaliwa wakati wa Maji Maji, na njia sahihi ya kuingiza hilo ni BET 1905 AND 1907, yaani kati ya 1905 na 1907. Programu inaipokea tarehe hiyo bila kulalamika, kisha kichujio kinasoma mwaka wa kwanza tu. Weka "kuanzia 1906" uone: mzee ametoweka. Tarehe za Hijria nazo, usiandike 1320 peke yake, itasomwa kama mwaka 1320 wa Miladia. Mwaka 1320 Hijria ulianza Aprili 1902, kwa hiyo ingiza BET 1902 AND 1903 na uache ile ya asili kwenye maelezo. Mahali nako ni vilevile: aliyezaliwa "Bagamoyo, Deutsch-Ostafrika", jina la enzi ya Wajerumani, hapatikani ukichuja kwa Tanzania.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, na mfano wa Juma na Hamisi nikawawekea. Jibu lilikuwa mistari miwili: data yangu imeingizwa vibaya, nimpe kila mtu wa familia jina moja la ukoo. Yaani niwabadilishie marehemu majina! Jina lililo kwenye cheti, kwenye hati ya shamba, kwenye jiwe la kaburi, nilifute ili kichujio chao kipate raha. Aliyejibu hakuuliza hata majina yetu yanakwendaje. Nyota moja, nikasema, na hiyo moja ni ya mchoro.

Lakini haki ya mtu usimnyime. Kuna kichujio cha pili, kiko chini ya "orodha", si chini ya "tafuta", na kinafanya kazi. Hapo unaweza kuunganisha masharti kwa "au" badala ya "na", na kuna tiki ya "jumuisha visanduku vitupu". Anza na sharti moja, tazama idadi, ongeza la pili, tazama tena. Idadi ikishuka hadi sifuri umeshajua ni sharti gani lililowaua. Na kwa ukoo usitumie jina hata kidogo: chagua "wazao wa", mweke mzee Saidi, vizazi vyote. Watakuja Juma na wote, kwa sababu sasa kinafuata uzazi. Nilipokiona nikapandisha hadi nyota tatu.

Likaja toleo jipya, na vichujio vyote nilivyohifadhi vikafutika. Vyote. Hakuna onyo, hakuna pa kuvirudisha. Basi nyota moja, na sitaki tena mazungumzo.

Nimehamia Gramps, programu nyingine ya mti wa ukoo, ambayo ni ya bure. Ubini unauwekea asili yake kuwa ni jina la baba, kalenda ya Kiislamu imo kwenye dirisha la tarehe, na kichujio cha pembeni kinakubali ruwaza (regular expression, yaani alama zinazoshika tahajia kadhaa kwa mara moja). Weka tiki ya ruwaza kisha andika \bk?hamisi?\b na Hamisi, Hamis, Khamisi na Khamis wanakuja pamoja. Kwa Athumani na wenzake tumia \b[aou](th?|s)u?mani?\b, hata Osman anaingia. Kwa Ramadhani na Ramazani, \brama(dh?|z)ani?\b. Kujifunza ruwaza kunachosha siku mbili tatu, sitaficha.

Ukihama, toa faili la GEDCOM kwa usimbaji wa UTF-8. Kisha lifungue kwenye kihariri cha maandishi cha kawaida, tafuta neno INDI, na uhesabu mistari ya aina ya "0 @I1@ INDI". Kila mtu ana mmoja. Hesabu hiyo ikipungua kuliko idadi ya watu inayoonyeshwa na programu, toa faili upya bila kichujio chochote kilichowashwa, kwa sababu programu hii ya zamani inatoa tu waliobaki kwenye kichujio na haikwambii. Akaunti usiifute kabla hesabu hazijalingana.