Maporomoko ya Ingleton, mara mbili: Oktoba baada ya mvua, na Mei wakati wa ukavu

Ninaishi Leeds mwaka wa sita sasa, na mara nyingi nimepita kwenye kibao cha Ingleton nikielekea Lake District bila hata kupunguza mwendo. Oktoba iliyopita dada yangu mkubwa alikuja kututembelea kutoka Marangu. Siku ya nne akaniambia, "Mdogo wangu, maduka nimeyaona, yanatosha. Nipeleke penye maji." Kesho yake tukawasha gari.

Kwa asiyepajua, Ingleton ni kijiji cha Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales. Mito miwili, Twiss na Doe, inateremka kutoka milimani, kila mmoja ndani ya korongo lake, ikakutane pale kijijini na kuwa mto Greta. Njia ya maporomoko inapanda na Twiss, inakatiza malishoni kule juu, halafu inarudi chini na Doe. Mzunguko wote ni kama kilomita 7. Ilifunguliwa mwaka 1885, enzi ambazo watu wa mijini walikuwa wakija kwa treni kupunga hewa. Treni ya abiria iliacha kufika hapo mwaka 1954, ila daraja lake refu la mawe bado limesimama juu ya kijiji.

Unalipa kiingilio getini, kila mtu na tiketi yake. Dada hakukipenda. Aliniuliza ni nani aliyeyatengeneza maji hata alipwe. Nilimjibu kwamba ardhi ile ina wenyewe, na vidaraja, vizuizi na ngazi zote zile havijitengenezi. Tulipofika nusu ya njia alikuwa ameacha kuuliza. Ukitaka bure yapo maporomoko mengine, kama Janet's Foss karibu na Malham, madogo na mazuri. Ila hapa kwa tiketi moja unapata zaidi ya matano, na hakuna mawili yanayofanana.

Mwanzo ni korongo la Swilla Glen, njia nyembamba chini ya miti, kuta za mwamba huku na huku. Kuna magogo yaliyoanguka ambayo wapita njia wameyapigilia sarafu kwa mawe, miaka na miaka. Inama uyatazame kwa karibu. Sarafu zimepandana kama magamba ya samaki, nyingine zimekunjwa katikati, nyingine zimegeuka kijani, na sura za wafalme zimeshafutika. Mume wangu alitaka kuongeza ya kwetu. Dada akamshika mkono: "Shemeji, hela haipigiliwi kwenye mti." Tukaendelea.

Kwenye maporomoko ya Pecca ndipo ngazi zinapoanza kweli, na mto unashuka kwa hatua, dimbwi baada ya dimbwi. Hapo dada alisimama kwenye kidaraja, akafumba macho, akasikiliza. Sisi tumekua kando ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji ya mlimani hadi migombani, na marehemu baba yetu alikuwa na zamu yake ya maji. Mtoto wa mfongo anajua sauti ya maji yaliyojaa. Akasema, "Huku juu kumenyesha. Si leo, juzi." Na kweli, mvua ilikuwa imepiga usiku wa kuamkia jana yake. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na mapovu yakizunguka pembeni mwa madimbwi. Niliogopa kwamba ni uchafu wa kiwanda, lakini sivyo. Milima ile juu ina mboji nene, mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka, na mvua ikiikamua ndiyo inayotia maji rangi na povu.

Hapo Pecca pia niliteleza. Viatu nilivinunua duka moja mjini ambako muuzaji aliniapia kuwa ni vya milimani. Havikuingiza maji, hilo ni kweli, lakini soli yake ilikuwa ngumu kama ubao, na jiwe bapa lililolowa halina huruma na soli ya namna hiyo. Nilitua kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavimba wiki nzima. Nakuomba, wewe utakayekwenda: kabla hujalipia viatu, bonyeza soli kwa kucha. Isipobonyea kidogo, viache.

Halafu ukapinda kona, na Thornton Force ile pale. Hilo neno Force si nguvu ya Kiingereza, ni neno la watu wa Skandinavia waliohamia huku zamani, na maana yake ni maporomoko tu. Maji yanaruka mita 14 kutoka kwenye ukingo wa mwamba na kutua kwenye dimbwi pana. Oktoba ile yalikuwa shuka zima, na upepo wake ulitulowesha tukiwa bado mbali. Dada alikaa juu ya jiwe, hakusema neno kwa muda mrefu.

Lakini kitu kikubwa zaidi cha Thornton Force sikukiona siku hiyo, kwa sababu maji yalikuwa yamekifunika. Ndiyo maana nilirudi Mei, peke yangu, siku ya mapumziko baada ya zamu za usiku. Swilla Glen ilikuwa imejaa majani mapana yenye maua meupe, na korongo zima linanuka kitunguu saumu, maana ni kitunguu saumu cha porini. Ndege mnene mdogo mwenye kifua cheupe alikuwa akichuchumaa na kuinuka juu ya jiwe, kisha akatembea na kuzama mtoni kabisa, akaibukia mbele na kitu mdomoni. Mto ulikuwa umenywea. Pale Thornton Force niliweza kusogea kwa pembeni, mbali na mkondo, hadi kwenye mwamba wenyewe.

Matabaka ya chini yamesimama karibu wima, kama vitabu kwenye rafu. Ya juu ni mawe ya chokaa, yamelala flati kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Katikati kuna mstari wa kokoto za mviringo zilizogandana kama zege. Niliweka kiganja changu, kidole gumba juu na vidole vingine chini. Kati ya jiwe lile la chini na lile la juu kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 100. Matope ya chini ya bahari yaligeuka mwamba, yakakunjwa na kuinuliwa, yakasagwa na mvua mpaka yakawa bapa, kisha bahari nyingine ikaja kutandika chokaa juu yake. Zile kokoto ni ufukwe wa bahari hiyo. Nilisimama hapo mpaka mkono ukafa ganzi kwa baridi.

Baada ya hapo njia inatoka msituni, inapanda hadi malishoni kwenye kondoo na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Siku isiyo na ukungu mlima Ingleborough unauona wote. Upande wa Doe watu wengi wanaupita mbiombio kwa sababu wamechoka, na wanapoteza. Maporomoko ya Beezley yamegawanyika michirizi mitatu, na kule Baxenghyll korongo ni jembamba na lenye kina kiasi kwamba unayasikia maji chini ya miguu yako kabla hujayaona.

Kwa mtoto wa kigari au mtu wa kiti cha magurudumu, njia hii haifai kabisa, ni ngazi mwanzo mwisho. Dada ana miaka 58 na goti bovu. Alimaliza kwa saa nne na nusu kwa msaada wa fimbo, tukipumzika kila penye benchi. Shuka taratibu kuliko ulivyopanda. Na kama una siku moja tu ya kuchagua, nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa, maji yakiwa bado mengi na ngazi zimeanza kukauka.

Ile siku ya Mei nilirekodi sauti ya Thornton Force, nusu dakika, nikamtumia dada kwa WhatsApp bila maelezo yoyote. Jibu lilikuja jioni: "Maji yamepungua sana. Huko kwenu hakujanyesha?"

Ilikuwa wiki ya tatu bila tone.