Moyo wangu uko kulia: uzoefu wangu na usingizi wa upasuaji wa pafu

Nilisema mara tatu. Mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimelala kifua wazi, mara ya tatu machozi yakinilengalenga: "Kaka, moyo wangu uko kulia." Yule mhudumu wa kipimo cha umeme wa moyo hakuinua hata macho. Alibandika vibandiko kushoto kama alivyozoea, mashine ikatoa karatasi, akaitazama, akakunja uso. "Dada, umejitikisa. Tulia." Akarudia, karatasi ikatoka vilevile. Akanikaripia kwamba namchelewesha, akaichomeka kwenye faili, akaita mwingine.

Na karatasi hiyo ndiyo ilikuwa inakwenda kwa mtu wa kunilaza usingizi na kulifungia hewa pafu langu moja ili lingine linipumulie peke yake! Ni miezi kadhaa sasa, na nikiikumbuka bado mikono inatetemeka.

Nimezaliwa kila kitu kimegeuka: moyo kulia, ini kushoto, mapafu yamebadilishana nafasi. Juu ya hilo, vinyweleo vya njia zangu za hewa havisukumi kohozi. Hali hii inaitwa Kartagener, kwa jina la daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1933. Kohozi limenikalia tangu utotoni mpaka sehemu ya kati ya pafu ikaharibika kabisa. Kwa wengine sehemu hiyo iko kulia, kwangu iko kushoto, na ndiyo iliyokuwa inatolewa.

Nilikuwa nimeshaamua: hospitali hii naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja kwa huruma. Halafu jioni ya kuamkia upasuaji akaja daktari wa usingizi, mama wa makamo. "Pole mwanangu," akavuta kiti, akakaa, akaweka kipimo chake cha kusikilizia moja kwa moja upande wa kulia. Sikuwa nimefungua mdomo. Alikuwa amesoma faili! Nililia palepale.

Akachukua karatasi akanichorea. Bomba la upasuaji huu lina njia mbili, kila pafu na yake. Mara nyingi wanapenda kulipeleka kushoto, kwa sababu mkondo wa hewa wa kushoto ni mrefu na una nafasi. Wa kulia ni mfupi, tawi la sehemu ya juu ya pafu linachepuka mapema, na bomba likizama kidogo tu linaliziba. "Kwako mrefu ndio wa kulia," akasema. "Nikifuata mazoea, nakukosesha hewa." Akaniahidi kuchungulia kwa kamera nyembamba bomba likishaingia, na kuchungulia tena nikishalazwa ubavu, maana mwili ukigeuzwa bomba husogea. Akahakikisha kwenye picha ya moyo kwamba hakuna tundu. Kisha akarudia mwenyewe kile kipimo cha umeme, vibandiko vyote kulia, na kwenye karatasi ya zamani akaandika: vibandiko viliwekwa upande usio wake.

Kwa hiyo nyota tano. Niliamka nikipumua, maumivu yametulizwa kwa ganzi ya mgongoni, nikaweza kukohoa vizuri, na kwa mtu mwenye kohozi kama langu kukohoa ndiko kupona.

Lakini nilipofumbua macho chumba cha uangalizi, kifua changu kilikuwa na vibandiko kushoto. Tena! Sauti ilikuwa imekauka kwa ajili ya bomba, nikawa naonyesha kwa kidole, na nesi ananishusha mkono: "Tulia, dada, usivute waya." Pengine kwa kuhesabu mapigo tu haikuwa hatari kubwa, nakubali. Ila mtu akinishusha mkono nikiwa sina sauti, siwezi kumpa hata nusu nyota. Yule mama alipopita akavibandua kimoja kimoja, akavihamisha, bila kumgombeza mtu. Mimi ningegombeza.

Basi sijui nihukumu vipi. Yeye namkabidhi maisha yangu hata kesho. Hospitali, hapana, au labda, kama yeye yupo zamu. Kabla ya kuruhusiwa niliomba juu ya faili langu paandikwe kwa kalamu nyekundu: MOYO UKO KULIA. Nikajibiwa kwamba pale juu ni mahali pa namba tu.