Mafundisho ya Ndoa Parokiani: Jumamosi Sita Zilizonifaa, na Jibu Moja Lisilotosha

Mimi na mchumba wangu tumemaliza mafundisho ya ndoa katika parokia moja ya Dar es Salaam, Jumamosi sita mfululizo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wachumba wanaoyahudhuria ili tu ndoa yao itangazwe kanisani.

Somo bora lilitolewa na katekista mzee. Alichana karatasi katika daftari lake, akaandika mstari mmoja wa kumwacha mke, kisha akampa dada aliyeketi mbele aishike. Hiyo, alisema, ndiyo hati ya talaka ya Kumbukumbu la Torati 24. Akatueleza kwamba wafuasi wa Shammai, mwalimu wa sheria ya Kiyahudi, waliikubali kwa jambo la aibu tu, ilhali wa Hillel, mwalimu mwingine, waliiruhusu hata mke akiunguza chakula, na kwamba Mafarisayo walipomwuliza Yesu habari hiyo katika Mathayo 19, walitaka kujua ruhusa inaishia wapi. Yesu aliwarudisha kwenye uumbaji, akasema Musa aliruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa yule dada, imeanza kulowa jasho. Tulipofika Mathayo 5:28, ambapo uzinzi huanzia katika kutazama na kutamani, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini uaminifu haupimwi kwa kutofumaniwa.

Somo la fedha za nyumbani lilipita haraka mno, jambo la kusikitisha kwa watu ambao kamati zao za harusi hukaa miezi kadhaa zikihesabu michango.

Lililoniumiza ni la Jumamosi ya tano. Binti mmoja aliuliza afanyeje dada yake anayepigwa na mumewe, na mwezeshaji wa siku hiyo akamjibu kwamba ndoa ni uvumilivu, kisha akaendelea na somo. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vibaya yeye au watoto, kimwili au kiroho, na pale kukawia kunapoleta hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe, ingawa kifungo cha ndoa kinabaki. Binti yule alistahili kuambiwa hivyo palepale, mbele yetu sote.

Nendeni, na msikose siku ya katekista. Nimemwomba paroko kanuni hiyo isomwe kwa kundi linalofuata, naye ameahidi kuiingiza katika somo la tano.