Children of Blood and Bone: Kilio cha Kweli, Msamaha wa Haraka

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Kitabu nilichokishika mkononi ni Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2018 ikiwa ya kwanza kati ya vitabu vitatu vinavyofuatana. Ina kurasa zaidi ya 500, na mwanzoni kabisa mtakuta ramani ya nchi ya Orïsha pamoja na orodha ya koo 10 za wenye nguvu za kichawi. Msiiruke orodha hiyo, kwa sababu mtairudia mara nyingi.

Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nakipenda na kukikasirikia kwa pamoja.

Zélie, msichana anayebeba sehemu kubwa ya masimulizi, alifiwa na mama yake miaka 11 kabla hadithi haijaanza, pale Mfalme Saran alipoamuru wenye uchawi waangamizwe. Mama huyo alinyongwa kwa mnyororo, mtini, na kumbukumbu hiyo humwingia binti yake bila kubisha hodi. Mimi nimekulia hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika miaka ile ambayo watoto wa vijijini walitembea kila jioni kuja kulala mjini, barazani mwa maduka na kwenye viwanja vya hospitali, ili waasi wa LRA wasiwateke. Nilikuwa miongoni mwao, blanketi kichwani na mdogo wangu nimemshika mkono, na hadi leo giza likianza kuingia miguu yangu hutaka kuondoka. Kwa hiyo ninaposoma jinsi mwili wa Zélie unavyokumbuka kabla ya akili yake, namwamini mwandishi huyu kabisa.

Vilevile namwamini katika kifo cha Binta, mtumishi wa ikulu. Binti mfalme Amari anachungulia mlangoni, anaona nuru ikichomoza viganjani mwa rafiki yake, na kabla hajamaliza kuistaajabia, upanga wa baba yake mwenyewe umekwisha kupita kifuani mwa Binta.

Kinachonikwaza ni Inan, mwana wa mfalme. Anamsaka Zélie, na askari wake wanapofika Ilorin, kijiji kilichojengwa juu ya maji, kijiji kinateketea. Lakini haupiti muda mrefu kabla mioyo ya vijana hawa wawili haijaanza kuvutana. Sisi Waacholi tuna mato oput, mila yetu ya upatanisho baada ya mauaji. Ukoo wa aliyeua hukiri kosa mbele ya watu, hulipa fidia, kisha pande mbili hupiga magoti na kunywa mzizi mchungu katika kibuyu kimoja, na kufika hapo kunaweza kuchukua miaka. Sidai kwamba riwaya ifuate mila zetu. Ninachodai ni uchungu wenyewe, kwa kuwa mwandishi aliyekaa na msiba kwa subira kiasi hicho alikuwa na uwezo wa kukaa na msamaha pia, naye akaukimbiza.

Wasimulizi ni watatu, Zélie, Amari na Inan, na wakati mwingine sauti zao zinafanana mno, hata nikalazimika kurudi juu ya sura kuangalia jina.

Wazazi, nawaomba mnisikilize hapa: ndani yake kuna mateso ya gerezani yaliyoelezwa waziwazi, na nisingempa mtoto aliye chini ya miaka 14 kitabu hiki asome peke yake. Mpwa wangu aliye Senior Three ameniomba nakala hii, nami nitampa kesho. Nimeweka kikaratasi kwenye maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni, ambapo Adeyemi anaeleza kwamba aliandika huku akisikia habari za Wamarekani weusi wasio na silaha wakipigwa risasi na polisi. Nimemwambia aanzie hapo, kisha ndipo aifungue ramani.