Mafunzo kwa vitendo ya ualimu wa michezo: nyota nne, na ya tano naijua ilikopotelea

Ukiona mwanachuo wa elimu ya viungo anayasifia mafunzo kwa vitendo, muulize kwanza mwalimu wake mlezi alikuwa nani. Uwanja waweza kuwa na vumbi na mipira ikawa imechoka, lakini ukimpata mlezi anayekaa nawe kiwanjani, utatoka na kitu. Mimi nilimpata.

Mwanzoni hakunipa kipindi. Alinipa saa ya kupimia muda, akaniambia: "Chagua mtoto mmoja, mfuate huyo tu. Mimi usinitazame." Nikamchagua msichana mmoja aliyevaa fulana iliyompwaya. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha saa kila anapocheza na kuizima kila anaposubiri. Kipindi alichofundisha yeye kilikuwa cha dakika 40, mada ni kudunda mpira wa kikapu. Ungepita pale ungesema watoto wanacheza kweli kweli, kelele mpaka ng'ambo. Saa yangu iliishia dakika 11. Muda wote uliobaki yule mtoto alikuwa kwenye foleni, au anasikiliza maelekezo, au anangoja koni zihamishwe.

Niliona soni kumwonyesha mtu aliyefundisha miaka yote hiyo. Akaisoma, akacheka: "Foleni imenila." Kipindi kilichofuata akavunja mistari, akawapanga watatu watatu, kila kundi na mpira wake. Mipira ya kikapu haikutosha, wengine wakapewa ya mguu. Koni alizipanga kabla kengele haijalia. Saa ikavuka dakika 20. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kumtoa jasho kila siku. Chuoni tuliikariri takwimu hiyo kwa ajili ya mtihani. Ni pale tu nilipoelewa kwamba foleni ndiyo inayoila.

Nilipoanza kufundisha mwenyewe, hakunikatiza hata siku moja mbele ya wanafunzi. Tulipatana kwamba akigusa kofia yake, kuna hatari sijaiona. Mengine tuliyazungumza baadaye, tukiwa tumekaa juu ya mikeka ya jimnastiki, andalio la somo likiwa mapajani mwake limejaa wino mwekundu. Mambo yake yalikuwa madogo madogo, ya kazi hasa. Unapoeleza, wewe ndiye utazamane na jua, wao walipe kisogo. Tembea pembezoni mwa uwanja, maana ukisimama katikati nusu ya darasa iko mgongoni kwako. Maelekezo kwanza, mpira baadaye. Mtoto mwenye mpira mkononi hasikii la mtu.

Goli la kikapu la kawaida lina kimo cha mita 3.05, na watoto wetu walikuwa wa miaka kumi. Kwenye mini-basketiboli linashushwa hadi mita 2.60 na mpira unakuwa wa saizi 5. Letu lilikuwa limechomelewa, halishuki. Akanichorea duara ukutani kwa chaki, watoto wakalilenga hilo, na kwa mara ya kwanza wale wafupi wakaacha kurusha kwa kiuno.

Kuna mwanafunzi aliyetembelea magongo. Mimi nilikuwa nimempangia kutunza alama. Mlezi akakataa: "Akitunza alama mwaka mzima, huyo amesoma hesabu." Tukabadilisha urefu wa kipande chake kwenye mbio za kupokezana vijiti, na kijiti tukakifanya kitambaa cha kufunga mkononi. Timu yake haikushinda, na aligomba na wenzake kuhusu nani alichelewa kupokea, kama mwanamichezo mwingine yeyote.

Sasa ile nyota ya tano. Mkufunzi wa kutoka chuoni alikuja kunikagua na fomu ileile anayomkagulia mwalimu wa historia. Ina kipengele cha matumizi ya ubao. Kiwanjani! Nikapewa alama ndogo hapo, huku mpangilio wa vifaa na usalama, vitu ambavyo vikikosewa mtoto anavunjika mkono, havina hata kisanduku. Na aliondoka kabla hatujafika kwenye mchezo wenyewe. Aliona kupasha misuli moto basi. Chuo kinachofundisha walimu wa michezo kiandae fomu ya michezo, si kazi ya kukesha.

Kwa unayesubiri kupangiwa: siku ya kuripoti, uliza mlezi wako atakuwa wapi wakati unafundisha. Akikukabidhi filimbi na kwenda zake ofisini, peleka habari chuoni mapema uhamishwe kwa mwingine, kabla ratiba haijakaza. Na kwenye jimnastiki au kuruka juu usikubali kubaki peke yako na darasa, hata ukibembelezwa vipi.