Supu ya buku tatu Magomeni, na habari ya bakuli la sukari

Wadau, kama mnapitaga Magomeni asubuhi shukeni kituo cha mwendokasi cha Kagera muulize kwa mama wa supu. Bango hana, ana mabenchi manne na turubai la bluu tu.

Supu ya ng'ombe buku tatu, chapati jero, chai ya rangi jero. Supu iko vizuri aisee, imechemka ikachemka tena, mfupa una nyama ya kweli, ndimu na pilipili unajikatia mwenyewe. Chapati siku niliyoenda mimi zilikuwa za jana zimepashwa, na supu nimeisubiri dakika 25 huku waliokuja nyuma yangu wanakula. Hapo ajirekebishe.

Ila kilichonifanya niandike ni sukari. Ipo mezani, bakuli zima la plastiki, mfuniko hakuna, kijiko kimesimama katikati, unajichotea. Vijana mtaona kawaida. Mimi nimekulia mitaa hiihii, vita na Amin inaisha 1979 nina miaka sita, miaka iliyofuata dukani ukienda unakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia. Mama ananiamsha alfajiri nikaweke jiwe kwenye foleni ya duka la ushirika, jiwe letu tulilipaka chokaa ili lisipotee, unarudi saa mbili unakuta limesogezwa nyuma na eti hakuna aliyeona! Sukari ikipatikana inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo linaingia sandukuni chini ya kitanda, ufunguo mama kaufunga kwenye pindo la khanga, analala nao. Sabuni ikikosekana tunafulia majani ya mpapai. Ugali ndo ule wa unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, watu wakauita Yanga, na baba yangu Simba damudamu, kila jioni akinawa mikono anasema yaani leo tena nalishwa Yanga nyumbani kwangu mwenyewe, na sisi tunacheka kama ndo tunasikia mara ya kwanza.

Siku moja mama kasahau ufunguo nikalamba kijiko kimoja tu, nikapigwa na mama, halafu jirani mama fulani wa chumba cha pili akaniongezea, uwani pale kila mama alikuwa mama yako.

Sasa basi, nikajichotea vijiko vinne. Dada anayehudumia kanitazama, "Mzee, utaumwa sukari." Nikamwambia mwanangu hii ni deni la zamani, hakunielewa, akacheka kwa heshima tu.

Nyota nne. Ya tano nimeikata sio kwa ajili ya chapati. Nakaribia kuagiza chai ya pili dada kalibeba bakuli kalipeleka meza ya nyuma, kumbe la kibanda kizima ni hilohilo moja, ikabidi nisubiri zamu.